Hisa za Saruji

Hospitalini walimwita Sista Chapuchapu, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Mgonjwa akiingizwa chumba cha dharura amelegea, wenzake wakiwa bado wanatafuta glavu, yeye alikuwa ameshapata mshipa, ameshafungua dripu, na ameshamwita daktari kwa sauti iliyomfanya daktari aiache chai yake mezani. Presha ikishuka hakai kuitazama. Kazi ilikuwa imeifundisha mikono yake jambo moja, kwamba kinachoshuka kisipozuiwa sasa hivi kitafika chini, na kikifika chini ni mazishi. Watu wengi wanatembea leo kwa sababu ya mikono ile. Wengine hawamkumbuki hata kwa salamu, lakini hayo tuyaache.

Mumewe alikuwa msimamizi wa zege, na yeye vijana wa saiti walimwita Fundi Subiri, tena hao walikuwa wanamkejeli kweli. Zege la ghorofa likishamwagwa hushikiliwa na miti kwa chini mpaka likomae. Miti hiyo ni ya kukodi, na mkandarasi anataka itoke upesi iende saiti nyingine. Fundi anasema bado. Mkandarasi anamleta mwenye jengo. Fundi anamsalimia mwenye jengo vizuri, anamuulizia watoto, halafu anasema bado. Asubuhi anapanda na mpira kulimwagia zege maji, jioni anapanda tena, mpaka siku atakayoridhika mwenyewe. Walimtukana, wakamfukuza, wakamrudisha kwa aibu. Ghorofa alizozisimamia hazijawahi kuanguka.

Jinsi watu wawili wa namna hiyo walivyooana ni siri yao. Nyumbani walitaniana mpaka binti yao akachoka kuwasikiliza.

"Fundi, harusi ya watu itaisha wewe unafunga viatu," mke anasema mlangoni, mkoba begani.

"Na wewe Sista, siku moja utakunywa chai kabla haijachemka," mume anajibu, kamba zingali mkononi.

Tangu ujana wao Fundi alikuwa ananunua hisa za kiwanda cha saruji. Kila alipolipwa alinunua chache. Wenzake walinunua pikipiki na redio kubwa, wakamcheka kwamba yeye ananunua karatasi. Alichagua saruji kwa sababu ndiyo aliyoijua; aliipekecha kati ya vidole akajua inashika au haishiki. Gawio la faida likitoka hakulila, alilinunulia hisa nyingine. Na hisa hizo zilikuwa na kazi moja tu, iliyojulikana na watu wote wa nyumba ile. Zilikuwa za paa. Pembeni mwa mji walikuwa na nyumba yao wenyewe iliyokwama kwenye linta, juu ya milango na madirisha, kuta tupu, ndani magugu yamefika kiunoni. Fundi hakutaka mkopo. Alisema hisa zikifika pale anapopataka atauza zote, aezeke, atie milango na madirisha, wahame kwenye vyumba vya kupanga wangali na nguvu za kufagia uwanja wao.

Akaunti ilikuwa ya wote wawili, hivyo alimfundisha mkewe kutumia programu ya hisa kwenye simu. Bei ikipanda huandikwa kwa kijani, ikishuka kwa nyekundu.

"Hii nyekundu ndiyo itakayokusumbua wewe," alimwambia. "Ukiiona, zima simu ukafue."

"Na ikizidi kushuka?"

"Fua na mashuka."

"Na ikifika chini kabisa?"

Fundi akaacha mzaha. "Sista, kiwanda hakimo ndani ya simu. Kiwanda kiko kule, malori yanatoka yamejaa. Siku malori yakiacha kutoka, njoo uniambie tuuze. Vinginevyo usiguse. Niahidi."

Alimwahidi. Alimwahidi chapuchapu, kama anavyofanya kila kitu.

Kiharusi kilimkuta Fundi asubuhi akifunga viatu. Mkewe alisikia kiatu kikigonga sakafu, akageuka, akaona mdomo umekwenda upande. Kabla jirani hajauliza kuna nini, mgonjwa alikuwa ndani ya teksi, kichwa kimeinuliwa, na hospitalini wameshapigiwa simu. Daktari alisema wazi kwamba mke mwingine angempoteza mume. Alisema pia kwamba upande wa kulia umekufa, mkono na mguu, na kwamba maneno yamekwenda, huenda yakarudi na huenda yasirudi.

Katika maneno yote aliyokuwa nayo Fundi duniani lilibaki moja. Bado. Ukimuuliza ana njaa, anasema bado. Ukimuuliza maumivu yamepungua, bado. Binti yake alisafiri kutoka mbali, akampigia magoti kando ya kitanda, akamwamkia, na mzee machozi yakamtoka, akasema bado. Wauguzi wachanga walikuwa wakicheka mlangoni. Sista naye alicheka nao, kisha akaingia chooni akafungulia bomba ili kilio chake kisisikike.

Ni wakati huo huo saruji nayo ilipoanza kushuka.

Tanuru la kiwanda lilikuwa limepasuka. Zikafuata habari kwamba matajiri wa nje wanaondoa fedha zao kwenye soko zima. Zikafuata habari za waliosikia kwa waliosikia. Mwanzo Sista aliitazama bei asubuhi tu. Baadaye asubuhi na jioni. Mwisho akawa anaitazama kila anapovua glavu, amesimama kando ya ndoo ya taka, na kila alipoitazama ilikuwa nyekundu. Wodini alikuwa na mume aliyeshuka asiinuke, mfukoni ana jasho la mume huyo linashuka, na mikono yake iliyozoea kutenda haikuwa na la kutenda. Hakuna kitu kilichomtesa kama hicho. Kuona na kukaa.

Mfamasia wa hospitali alikuwa na hisa za saruji pia, na hakuwahi kulificha hilo. Akatangaza kantini, kikombe juu, kwamba yeye ameshatoka.

"Nimeokoa nilichookoa," alisema. "Sista, wewe unangoja nini? Uwekewe dripu?"

Watu wakaangua kicheko. Sista akacheka kidogo, chai ikamshinda.

Mchana ule alikwenda wodini na simu. Akaishika mbele ya uso wa mumewe, akaiinamisha mpaka akahakikisha jicho lake linaiona.

"Fundi, saruji inaanguka. Niuze?"

Fundi alimtazama yeye, si simu. "Bado," akasema.

"Fundi, nakuuliza kweli."

"Bado."

Lakini asubuhi alikuwa amesema bado kwa uji, na bado kwa mto, na bado kwa dirisha. Sista alilikunja pindo la shuka, akasema sawa mume wangu, pumzika. Moyoni alilihesabu kuwa ni neno la mgonjwa. Muuguzi mzoefu hafuati kila anachosema mgonjwa.

Basi ikaja siku yenyewe. Aliletwa mpanda pikipiki mmoja, kijana, amejigonga tumbo. Hana jeraha la kutisha. Presha yake ilikuwa imeshuka kidogo. Sista akataka damu iletwe na chumba cha upasuaji kiarifiwe, lakini daktari wa zamu alikuwa mgeni na mpole, akasema tumtazame kidogo kwanza. Siku nyingine yoyote Sista angempita kama hakumsikia. Siku hiyo alikuwa amechoka, hakulala, akasema haya, tumtazame. Wakamtazama. Kijana aliomba maji, akauliza pikipiki yake iko wapi, akafa.

Sista alimfunika mwenyewe. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akaketi kwenye benchi, viatu vya kazi vina damu kwenye kisigino, akafungua simu. Nyekundu, tena chini kuliko siku zote. Alisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu, "Mimi sitazami tena." Akaandika idadi ya hisa zote, akabonyeza. Simu ikafikiri, ikamwambia mauzo yamekamilika.

Akajisikia vizuri. Huo ndio ubaya wa jambo hili, alijisikia vizuri sana, kifua kikafunguka, akavuta pumzi mpaka chini, kama anavyojisikia kila mara mgonjwa wake anapofumbua macho. Alikuwa amewahi.

Akiwa anarudi nyumbani kwa miguu alikuta barabara imefungwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Lori lilikuwa linarudi nyuma kuingia, jingine limesimama nyuma yake linapiga honi, na jingine nyuma ya hilo. Yote yamepakia saruji, mifuko mipya, vumbi la kijivu linamwagika pembeni. Alisimama akiyaangalia mpaka mpakuzi mmoja akamuuliza, "Mama, kuna kitu?" Akasema hakuna kitu, akazunguka kwa nyuma.

Kesho yake bei ilinyanyuka. Kidogo tu, na keshokutwa kidogo tena. Sista akaomba ruhusa kazini akaenda ofisi ya dalali wa hisa, chumba chenye viti vya plastiki na feni inayopiga kelele. Dalali alikuwa msichana wa umri wa binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Nikitaka kurudisha hisa zangu?"

"Inawezekana sasa hivi. Fedha zako bado ziko kwetu. Bei imesogea kidogo tu juu ya uliyouzia, utapata pungufu kidogo, lakini utakuwa umerudi."

"Pungufu?"

"Chache mno, mama. Hutazisikia."

Sista alikunja uso. Nikinunua leo, aliwaza, nitakuwa nimekubali kwamba nilikosea, na kosa limeandikwa pale, hisa chache zimepotea, Fundi atauliza ziko wapi. Lakini ikirudi pale pale nilipouzia nitanunua zote sawasawa, moja kwa moja, na itakuwa kama sikugusa.

"Itashuka tena," alisema. "Nitangoja irudi pale."

Msichana alimtazama kwa heshima, na kwa huruma iliyojificha vibaya. "Mama, samahani, mimi ni mtoto kwako. Wengi wanaongoja irudi pale wanazeeka nayo. Basi niruhusu nikuwekee oda, siku bei ikifika yenyewe inanunua, wewe hata usijue."

"Ikae yenyewe bila mtu?"

"Ndiyo, mashine inaangalia."

"Mwanangu, mimi mgonjwa simwachii mashine," Sista alisema, akasimama. "Nitaangalia mwenyewe."

Na tazama maajabu ya binadamu. Aliyeshindwa kungoja ilipompasa kungoja, sasa akangoja ilipompasa kukimbia. Bei ikapanda wiki ile, ikapanda mwezi ule. Kila siku Sista alijiambia kwamba jana ndiyo ilikuwa siku ya kununua, na leo ni ghali mno. Fedha hakuzigusa. Zilikaa kule kwa dalali nzima, hazikununua hata sindano. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo Sista alimlipa kwa zamu za ziada, kiti cha magurudumu kwa zamu za ziada, akawa anarudi nyumbani miguu imevimba, uso umemshuka, na majirani wakasema mke ndiye yule.

Fundi aliruhusiwa akarudi kwenye vyumba vyao viwili. Sista alimweka kwenye kiti kando ya dirisha, mto chini ya mkono wa kulia ili usining'inie. Kila siku aliuosha mkono ule, akaupaka mafuta, akavinyoosha vidole kimoja kimoja, akavikunja, akavinyoosha. Vilikuwa vizito na baridi. "Nishike," alimwambia. Havikushika. "Haya, kesho," alisema, akaurudisha juu ya mto wake.

Maneno ndiyo yaliyotangulia kurudi. Kwanza maji. Halafu Sista, na alipolisikia hilo alimkumbatia mpaka kiti kikasogea. Halafu siku moja, baada ya kujikusanya muda mrefu, mdomo ukihangaika, Fundi akasema, "Sa-ruji?"

Sista alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Saruji ipo," alisema.

"Bei?"

Angeweza kumwambia pale. Mara nyingi baadaye aliirudia dakika ile, nguo ile mkononi, shati lake Fundi la mistari, na mara zote akajiona anasema kweli. Lakini mtu alikuwa na maneno matano duniani na mawili kati ya hayo ameyatumia kuulizia tumaini lake. Akachukua simu, akasoma bei. Fundi akafikiri, akahesabu kwa macho, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Imepanda," akasema.

"Imepanda, Fundi."

Ikawa desturi. Alasiri, soko likiwa linaelekea kufungwa, Sista akiwa hana zamu alivuta kigoda kando ya kiti cha mumewe akamsomea bei ya hisa ambazo hawakuwa nazo. Ikipanda, mzee anapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto na kusema, "Mabati," kesho, "Milango," keshokutwa, "Vigae, Sista, jikoni." Kila ilipopanda yeye alitajirika, na mkewe kando yake alifilisika, wote wawili wakiitazama namba ile ile. Sista alifika mahali akaichukia rangi ya kijani. Aliichukia hata kwenye mapazia ya hospitali.

Binti yao alikuja tena, akaleta matunda, akakaa nao. Fundi sasa aliweza kuunga sentensi, akipumzika katikati.

"Mama yako," alimwambia binti. "Nilijua atauza. Nililala pale hospitali... siwezi kusema. Nikasema, huyu, huyu atauza. Chapuchapu." Akacheka, mate yakamtoka, Sista akampangusa. "Hakuuza. Imeanguka yote ile... yeye kimya. Mimi mwenyewe, mwanangu, mimi ningeuza. Yeye ana moyo. Kunishinda."

"Mama!" binti alisema, akimshika bega. "Kumbe!"

"Nakwenda kuangalia maji jikoni," Sista alisema.

Jikoni hakukuwa na maji yoyote motoni. Alisimama ameshika kingo za sinki. Aliona aibu kwa namna ambayo hakuwahi kuiona maishani. Kama angemtukana ingekuwa nafuu.

Mfamasia naye alimmalizia siku zile. Walikutana kwenye foleni ya mishahara, Sista akamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama hajuti kuuza.

"Mimi? Nilirudi zamani," Mfamasia alisema. "Wiki ile ile. Nilinunua juu kidogo ya nilipouzia. Iliniuma siku moja, ikaisha. Kwani wewe hukurudi?"

"Nilirudi," Sista alisema.

"Hukuniambia!"

"Na wewe hukutangaza kantini."

Mfamasia akacheka mpaka watu wakageuka. Kutoka kwake alitangaza, kurudi kwake alirudi kimya, na Sista alikuwa ameisikia nusu moja tu ya habari. Hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe, kwamba siku zote alidhani ujasiri ni kutenda, na kumbe kulikuwa na ujasiri wa kukaa na mikono mitupu, na mwingine tena wa kusema nimekosea na kulipia kosa lingali dogo. Ule wa kwanza mumewe alikuwa nao. Ule wa pili hata Mfamasia alikuwa nao.

Kisha, wakati hata Sista ameacha kutumaini, soko likaanguka tena.

Safari hii lilianguka kwa uvumi, watu wakakanyagana mlangoni kutoka. Saruji ikashuka kwa kishindo, siku baada ya siku, mpaka alasiri moja Sista akiwa nyumbani akafungua simu na kuikuta pale. Pale pale alipouzia. Muda wote huo alikuwa amemwomba Mungu namba hiyo, na sasa imekuja, na kitu pekee alichokisikia ni hofu. Kama itaendelea kushuka je? Kama malori kweli yameacha kutoka? Alivaa kanga begani, akatoka mpaka kona, duka la vifaa vya ujenzi likionekana. Lori lilikuwa linapakuliwa. Akarudi anakimbia nusu, mtu mzima, majirani wanamtazama.

Soko lilikuwa karibu kufungwa. Alitaka kubonyeza akiwa jikoni, amalize, halafu aende kwa mumewe akamsomee bei akiwa mkweli. Lakini kutoka dirishani Fundi alikuwa amemwona akitoka na kurudi, na redio kando yake ilikuwa imesema yote.

"Sista," aliita. "Njoo."

"Nakuja."

"Njoo na simu. Njoo ukae."

Akaenda, akaketi kwenye kigoda. Simu ilikuwa mkononi, upande wa kulia wa mzee, idadi ya hisa imeshaandikwa, zote, sawasawa na zilivyokuwa. Ilibaki kubonyeza mara moja tu. Ataona naangalia bei, aliwaza, macho yake hayasomi maandishi madogo siku hizi. Akasogeza kidole gumba.

Fundi hakuisoma simu. Alikitazama kidole. Alimjua mkewe, alikijua kile kidole kinavyokaa kikiwa tayari.

Kitu kikamgusa Sista kifundoni mwa mkono. Alidhani ni mto umeteleza. Akatazama. Ulikuwa mkono wa kulia wa mumewe. Ulikuwa umetoka juu ya mto wenyewe, umevuka mkono wa kiti, na vidole, vile vidole vizito alivyovipaka mafuta na kuvinyoosha kila siku bila jibu, vilikuwa vinafunga. Vilifunga taratibu, kimoja kikichelewa, vikamshika. Havikuwa na nguvu za kumzuia mtoto mchanga. Uso wa Fundi ulikuwa umelowa jasho.

"Bado," alisema. Sasa alikuwa na maneno mengine mengi, lakini alilichukua lile.

Sista alifungua mdomo. Nanunua, siuzi. Maneno mawili tu, lakini nyuma yake kungehitajika mengine, kwamba ananunua nini ambacho wanacho tayari, na kwa fedha ipi. Angeweza pia kuutoa mkono wake. Ungetoka bila shida. Lakini yeye ni muuguzi, aliona mikono mingi iliyokufa na akajua mingapi ilirudi, na alijua kwamba akiuchomoa sasa, mtu huyu ataona kwamba mkono wake umeshika bure, na huenda asijaribu tena. Hapo kwa mara moja maishani mwake Sista Chapuchapu hakujua la kufanya, na hakufanya.

"Uliweza ile ya kwanza," Fundi alisema, akihema, akimtazama kwa upendo ambao haukuwa haki ya mkewe. "Utaweza na hii. Itarudi. Usiguse."

Kesho yake saruji ilipanda tangu asubuhi, na mpaka leo haijarudi pale. Alasiri ile hakuna aliyelijua hilo. Kulikuwa na redio inayonong'ona, na nje mtu anasukuma mkokoteni, na kwenye simu maandishi madogo yakatokea kusema kwamba soko limefungwa kwa siku ya leo. Sista aliiweka simu sakafuni, akaufunika mkono wa mumewe kwa mkono wake mwingine, machozi yakamdondoka juu ya vile vidole, na Fundi akayadhania ni ya furaha.

"Sigusi," alisema Sista, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kumsomea bei hakuwa anamdanganya.